Kristo katika Sanaa ya India: Ishara za Nani?

Sanaa ya Kikristo ya India husifiwa mara nyingi kwa sababu moja tu, kwamba imemvua Kristo nguo za Ulaya. Sifa hiyo ni ya haki, lakini haitoshi. Lililo gumu zaidi ni kujua vazi alilovikwa baadaye limetoka sandukuni mwa nani.

Angelo da Fonseca (1902–1967), mzaliwa wa Goa, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuanza kazi hiyo. Baada ya kufundishwa huko Bengal na Abanindranath Tagore na Nandalal Bose, alimchora Bikira Maria kama mwanamke wa kwao: ngozi ya maji ya kunde, mwili umefungwa sari. Goa ilikuwa mikononi mwa Wareno hadi mwaka 1961, na Wakatoliki wengi wa huko waliona kwamba Mama wa Mungu amevunjiwa heshima. Fonseca akaishi na kuchora Pune, katika ashram ya Waanglikana. Ajabu iliyoje: Mkatoliki apate hifadhi kwa Waanglikana kwa kosa la kumchora mwanamke wa Kiyahudi asifanane na Mreno!

Mtaguso wa Pili wa Vatikano (1962–1965) ulifungua mlango. Mwaka 1969 Roma iliwaruhusu maaskofu wa India kuingiza katika Misa ishara za kwao, kama kuketi chini, kusalimu kwa viganja vilivyounganishwa na kuzungusha taa za arati. Hiyo ni miaka 19 kabla ya Misale ya majimbo ya Zaire, ambayo msomaji wa Kongo anaijua vema zaidi. Wachoraji nao wakapata ujasiri. Jyoti Sahi, aliyezaliwa Pune mwaka 1944, alimchora Kristo akicheza ngoma, na mkumbuko wa Shiva Nataraja, bwana wa ngoma, hauwezi kumpotea mtazamaji wa Kihindi.

Lakini Nataraja si pambo. Ngoma yake huumba ulimwengu na kuuvunja, tena na tena, ilhali ufufuko, kwa imani ya Kikristo, umetokea mara moja. Mchoraji anayeazima mkao bila kushindana na maana yake hupata picha tamu isiyo ya Kihindu wala ya Kikristo. Wahindu wenyewe hawakunyamaza: mwaka 1988 Sita Ram Goel alitoa kitabu kilichozishutumu ashram za Kikatoliki kuwa ni hila ya kuwavuta watu dini. Shutuma hiyo imepita kiasi, lakini imegusa jambo la kweli. Ishara ina wenyewe.

Pigo zito zaidi lilitoka ndani ya Kanisa. Tangu miaka ya 1980 Arvind Nirmal na wanateolojia wenzake wa Kidalit wamekumbusha kwamba Wakristo wengi wa India ni Wadalit, watu waliohesabiwa kuwa najisi, chini ya matabaka yote. Mahekalu yaliyolea ishara hizo, yungiyungi, Om, ngoma ya Shiva, yalikuwa marufuku kwa babu zao. Kwa watu hao utamadunisho wa namna hii ni mlango ule ule uliofungwa, safari hii umepakwa rangi mpya.

Ubora wa Sahi ni kwamba alisikia. Mnamo mwaka 2000 alichora Madona wa Kidalit, na safari hii hakwenda hekaluni, alikwenda jikoni. Chanzo cha picha ni jiwe la kusagia: jiwe kubwa lenye shimo, na jiwe dogo linaloingia humo. Lile dogo huitwa mtoto, na lile kubwa ni mama yake. Maria ni jiwe kubwa, Yesu ni dogo. Msomaji wa Kiswahili haitaji maelezo mengi, kwani lugha hii nayo huita saraka mtoto wa meza. Ila jiwe lina uzito ambao saraka haina: ndimo ilimo kazi ya mwanamke ya kila siku, mgongo uliopinda, na nafaka isiyoweza kulisha mtu mpaka isagwe. Fumbo la msalaba limo humo tayari, na hakuna kuhani wa tabaka la juu anayeweza kudai kwamba chombo hicho ni chake.

Picha hiyo sasa ni mali ya mkusanyo wa sanaa wa Kanisa la Metodisti la Uingereza. Huonyeshwa huko, kwa watu ambao wengi wao hawajapata kusaga kwa jiwe.