Nembo Mbili: Wonder Woman Katika Vazi la Polynesia

Katika semina ya fasihi ya muhula uliopita, mwanafunzi wetu mmoja wa mwaka wa pili alileta mchoro alioutoa katika intaneti. Aliyeuchora ni shabiki tu, si mwajiriwa wa kampuni ya katuni, na jina lake hakuliweka. Amemchora Wonder Woman, yule shujaa wa katuni za Kimarekani aliyebuniwa mwaka 1941 na William Moulton Marston akishirikiana na mchoraji H. G. Peter. Lakini amemvua vazi lake la nyota na kumfanya mwanamke wa Polynesia. Darasa liligawanyika. Wengine walisema huo ni ubunifu, wengine wakasema ni wizi wa utamaduni. Walimu tukaombwa tuamue, na kwa kuwa kengele ililia kabla hatujajibu, tunajibu hapa.

Tuanze na sifa, maana zipo. Wonder Woman hubeba kamba ya dhahabu, na anayefungwa nayo hulazimika kusema kweli. Mchoraji wetu ameigeuza kuwa kamba ya nyuzi za nazi iliyosokotwa kwa mkono. Anayezifahamu ngano za Bahari ya Pasifiki atamkumbuka mara moja Maui, aliyelinasa jua kwa kamba na kulipiga mpaka likakubali kwenda polepole, ili watu wapate mchana wa kutosha kumaliza kazi zao. Yapo masimulizi yanayosema kamba ile ilisokotwa kwa nywele za Hina. Basi kamba inayomshurutisha mwongo imekutana na kamba iliyolishurutisha jua. Kwa maoni yetu hii ni tafsiri ya daraja la juu, kwani mchoraji hakutafuta kitu cha kufanana kwa umbo tu, bali kitu kinachofanya kazi ile ile katika fikra za watu wengine. Hata ile ndege yake isiyoonekana imekuwa mtumbwi pacha wa matanga, kama Hōkūleʻa uliosafiri kutoka Hawaii hadi Tahiti mwaka 1976 bila chombo chochote cha kuonyesha njia.

Tatizo liko mapajani. Kuanzia kiunoni hadi magotini shujaa huyu amejazwa wino mzito mweusi. Hiyo ni pe'a, tatuu ya wanaume wa Samoa. Wanawake wana yao, iitwayo malu, yenye alama nyepesi zilizotawanyika kuanzia juu ya mapaja hadi kwenye magoti. Kosa hili si geni. Mwaka 2013 kampuni ya Nike ilitoa nguo za kubana za mazoezi za wanawake zenye ruwaza za pe'a. Wasamoa wakapinga, na kampuni ikaomba radhi na kuziondoa sokoni. Kinachotuuma sisi walimu wa lugha ni kwamba neno malu lina maana ya kulindwa na kusitiriwa. Shujaa ambaye kazi yake ni kuwalinda wengine alikuwa na alama yake tayari inamngoja, naye akapewa ya kaka yake! Tena kidevuni amewekewa moko kauae, ambayo ni ya wanawake wa Kimaori wa New Zealand, zaidi ya kilomita 2,500 kutoka Samoa. Jina Polynesia, lililotungwa na Mfaransa Charles de Brosses mwaka 1756 kwa maneno ya Kigiriki, maana yake ni visiwa vingi. Mchoraji amelisoma kama kisiwa kimoja.

Hapa Kiswahili kinatusaidia. Neno tatuu limetufikia kupitia Kiingereza, nacho kililipata kwa watu wa Polynesia wanaosema tatau, wakati wa safari za James Cook. Lakini tunalo neno letu, nembo. Kabla ya kuwa alama ya chama au shirika, nembo zilikuwa chale za mwilini, kama zile za usoni mwa Wamakonde. Siku hizi mwanafunzi ukimwuliza nembo ni nini, atakutajia ya benki. Wonder Woman ana nembo ya aina hii ya pili: tai kifuani, ambaye mwaka 1982 alibadilishwa kuwa herufi W mbili. Mwenye kampuni aliamua, basi. Malu na moko ni nembo za aina ya kwanza. Humfunga mtu na ukoo wake na kumpa wajibu, wala hazifutiki mitindo ikibadilika. Mchoraji amefuta nembo ya pili akaandika ya kwanza, akidhani ni vitu vya daraja moja.

Je, ni wizi? Hatudhani. Ni tafsiri iliyofanywa vizuri mkononi na kuachwa nusu mapajani.

Mwishoni tuligusia nguo aliyovaa. Ni tapa, nguo ya gome lililopondwa, na wanafunzi wetu wa Buganda walipiga makofi, maana waliiona lubugo yao, iliyotambuliwa na UNESCO mwaka 2005. Tuliwauliza kama wangependa Wonder Woman avikwe lubugo yenyewe, ile ya mti wa mutuba. Msichana mmoja kutoka Masaka alijibu kwamba angefurahi, mradi mchoraji aseme kwanza kama anampeleka kwenye sherehe ya Kabaka au anamzika. Tumewapa zoezi hilo walichore, na michoro itabandikwa nje ya ofisi ya idara.