Nyepesi kwa nani? Neno juu ya Linux kwenye ordinatere za zamani

Tangu Microsoft ilifunga mlango wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, kuko mahubiri yenye yanazunguka kila pahali: usitupe ordinatere yako ya zamani, weka Linux, itakuwa mpya. Windows 11 inaomba giga 4 za RAM na chip ya usalama yenye mashini zetu nyingi hazina, basi mahubiri yanapata wasikilizaji. Mimi niko upande wa wahubiri. Lakini nataka tupime maneno yao, ju wanaruka jambo moja kubwa.

Neno lao ni "nyepesi". Mfumo huu ni mwepesi, ule ni mwepesi kuliko huu. Wanapima namna gani? Wanawasha mashini, hawafungui kitu, wanaangalia RAM yenye imetumika. antiX inaonyesha chini ya mega 300, watu wanapiga picha ya ekrani, wanashangilia.

Sisi wa agronomi tunajua hesabu ya namna hii. Ni mavuno ya stesheni. Kwenye stesheni mbegu inapandwa kwa mistari, inapaliliwa kwa wakati, inapata mbolea, kisha wanatangaza tani kwa hektari. Mbegu ileile inafika kwa mama mwenye shamba kwenye mteremko, bila mbolea, na mbuzi wa jirani anapita kila asubuhi. Anavuna nusu, au chini ya nusu. Hakuna mwenye alidanganya. Walipima tu kwenye shamba lenye hakuna mtu analima.

Ordinatere yenye haijafunguliwa kitu njo stesheni. Shamba letu ni hili: Firefox na kurasa tano, moja ya barua pepe, moja ya Facebook, LibreOffice na TFC ya kurasa 80 zenye picha za mihogo, PDF tatu za makala, na moto uko karibu kukatika. Kwenye mashini ya giga 2, Firefox peke yake na kurasa hizo inaweza kupita giga moja. RAM ikijaa, mfumo unaanza kumwaga vitu kwenye diski, na diski ya zamani yenye inazunguka ni kama kuteka maji mbali na kijiko. Mshale unakwama, unabonyeza mara kumi, unatukana. Hapo, kama ulichagua mfumo wa mega 300 ao wa mega 700, tofauti ni kurasa mbili tatu tu za intaneti. Facebook ina uzito uleule kwenye mfumo wowote. Hilo wahubiri hawalisemi.

Kwenye ordinatere moja ya giga 2, ya mdogo wangu, nilijaribu miwili: Linux Mint yenye Xfce, na antiX. Mint ni nzuri, mtu wa Windows anajikuta nyumbani kwa saa moja. Wenyewe wanaandika kama giga 2 ni kiwango cha chini, na giga 4 ni kwa kutumia vizuri. Muamini ile hesabu ya pili. antiX ina sura ya miaka ya 2000, menyu zake zinachanganya, na mtu wa kwanza kuiona aliniuliza kama mashini imeharibika. Lakini njo ile yenye ilinivumilia mchana mzima. Ukifungua zram, yenye inakamua vitu ndani ya RAM mbele ya kuvitupa kwenye diski, unapata pumzi kidogo tena. Basi kwangu: giga 2, antiX ao Debian yenye LXQt, giga 4, Mint bila kufikiri sana.

Ubaya mwingine wa mahubiri ni kwamba yamezeeka. Jina lenye watu bado wanalitaja ni Lubuntu. Kumbe mwaka 2018 wenyeji wa Lubuntu walisema wazi kama ordinatere za zamani si lengo lao la kwanza tena, na mashini za biti 32 wakaziacha. Debian 13, ya mwaka 2025, haina tena kiwekezo cha biti 32, na Mozilla ilitangaza mwaka uleule kama Firefox inaacha Linux ya biti 32. Kwa hiyo ile ordinatere ndogo ya Atom yenye giga 1, yenye uliletewa na mjomba, usiahidiwe intaneti. antiX 23 bado inaikubali, ndiyo. Itakuwa ya kuandika na kuhesabu, basi.

Na nani analipa? Ubuntu, yenye Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alianzisha mwaka 2004, ilikuwa inatuma CD za bure kwa posta kwa kila mwenye aliomba, mpaka mwaka 2011. Leo faili ya Mint iko karibu giga 3, na wewe njo unanunua hizo mega. Ya bure yenye inapitia kwenye forfe ya simu si ya bure sana.

Kwa kazi yetu kuna habari nzuri, na naona watu wanaipuuza. Jaribio la shamba lenye dawa 4 na bloki 3 ni viwanja 12. R, na kifurushi chake agricolae chenye kilitengenezwa kwa majaribio ya kilimo, inakuhesabia ANOVA na ulinganisho wa wastani kwa sekunde moja, hata kwenye hiyo giga 1. Hauna lazima ya kutafuta programu ya takwimu ya wizi yenye inakuja na virusi. QGIS na picha kubwa za satelaiti, hapana, hiyo omba mashini ya mwenzako. Na virusi vya flashi vyenye vinaficha mafaili kwenye sekretaria, vile vimeandikwa kwa Windows. Kwenye Linux vinalala tu.

Palipo na hatari ya kweli ni docx. Mwalimu mwenye anakuongoza anasahihisha kwa Word, anarudisha, wewe unafungua kwa LibreOffice: meza zimesogea, orodha ya yaliyomo inasema ukurasa 41 na kichwa kiko 43. Siku mbili mbele ya kuweka kazi, hilo linamtoa mtu jasho. Tumia Liberation Serif, ina upana sawa na Times New Roman. Docx iwe ya masahihisho tu. Ya kuchapisha peleka PDF.

Na mbele ya kushindana juu ya mfumo gani, fungua tumbo la mashini. Kijiti cha RAM cha giga 2 ao SSD ndogo ya mkono wa pili inasaidia kuliko kubadilisha mfumo mara tano. Angalia kwanza kama ni DDR2 ao DDR3, ju haviingiliani na muuzaji hatakurudishia. Ile faili ya giga 3, mmoja wetu aishushe mara moja, wengine tupitishane kwa flashi.