Hayo ya Mboni Nimesema Lini?

Shuleni kwetu Berega tulifundishwa kwamba barua ina mlango wake, na watu wote hupitia huo huo. Unaanza na salamu, unasema u mzima wa afya, kisha unatamka kwamba hofu na mashaka ni juu ya yule aliye mbali na upeo wa mboni za macho yako. Ukishavuka hapo ndipo unaruhusiwa kusema shida yako.

Nilikuwa darasa la tano bibi mzaa mama aliponiita nimwandikie mjomba, aliyekuwa kibarua kwenye mashamba ya mkonge huko Kimamba. Bibi alisema kwa Kikaguru, mimi nikaandika kwa Kiswahili. Alichotaka kusema kilikuwa kifupi: paa linavuja upande wa jikoni, mbuzi mmoja amekufa, aje kabla ya masika. Mimi nikajaza ukurasa mzima. Nilipomsomea, akanikatiza.

“Hayo ya mboni nimesema lini?”

“Ndivyo tulivyofundishwa, bibi.”

“Mboni zenyewe zina ukungu, hata mlima ule sizioni vizuri mbavu zake. Sikiliza, mume wangu. Mjomba wako akisomewa hii atajua umeandika wewe. Mimi nataka ajue nimesema mimi.”

Nikachana, nikaanza upya.

Lugha ya bibi ilikwisha kutiwa kitabuni zamani. J. T. Last, mmisionari aliyekaa Mamboya, jirani zetu pale, alichapisha sarufi ya Kikaguru mwaka 1886. Lakini barua zetu ziliandikwa kwa Kiswahili, na Kiswahili tulikivaa kama shati la kuazima: tukiogopa kulikunja mikono, tukiogopa kulichafua. Mtu wa bara akishika kalamu husikia kama kuna mwenye lugha amesimama mgongoni pake, anamsahihisha.

Ndiyo maana nilipokua na kukutana na vitabu vya Euphrase Kezilahabi, nilivisoma polepole, kama fundi mchanga anavyomtazama fundi mkubwa akipiga randa. Kezilahabi alizaliwa mwaka 1944 Namagondo, kisiwani Ukerewe. Lugha ya nyumbani kwao ilikuwa Kikerewe. Naye aliingia katika Kiswahili na vumbi la kwao miguuni, wala hakulipangusa mlangoni.

Tazama Rosa Mistika, riwaya yake ya mwaka 1971. Mwanzoni tu, Zakaria anampiga binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana. Mwandishi mwenye hofu angetuliza jambo hilo kwa methali, au angeleta mzee wa busara atuambie kosa ni la nani. Kezilahabi anaandika sentensi fupi, anaweka tukio mezani, anaondoka. Kitabu kilipigwa marufuku mashuleni; baadaye kikarudi, kikasomwa na kufundishwa.

Ufundi wake unaonekana zaidi katika ushairi. Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi alikuwa amezipanga sheria za kutunga mashairi katika kitabu, na wengi walizishika: mishororo minne kwa ubeti, mizani kumi na sita kwa mshororo, nane huku na nane kule, kina cha kati na kina cha mwisho. Miaka ishirini baadaye, mwaka 1974, Kezilahabi akatoa Kichomi, diwani isiyojali vina wala mizani. Waliolelewa na arudhi, yaani sheria hizo za vina na mizani, wakasema huo si ushairi. Mabishano yakaendelea miaka na miaka.

Wapo wanaodhani aliacha vina kwa uvivu. Jaribu mwenyewe uone. Vina na mizani ni mkongojo mzuri sana: mshororo dhaifu huegemea mlio wa wenzake, ukafika salama. Ukiondoa mkongojo, kila neno lisimame kwa miguu yake. Unapokata mstari lazima ujue kwa nini umekata hapo, pumzi inaishia wapi, neno gani linabaki peke yake likitazamwa. Kosa halina pa kujificha. Na kuufuata ufundi wa zamani pia si woga. Washairi Mulokozi na Kahigi, katika diwani yao Malenga wa Bara ya mwaka 1976, walitumia njia zote mbili, na kote sauti yao inasikika. Jambo ni kama umeichagua njia au umeifuata kwa kuwa uliwakuta watu wamejipanga.

Linalonishangaza zaidi ni la baadaye. Mtu aliyekwisha kupata jina kwa riwaya za maisha ya kila siku angeweza kuandika ya namna ile mpaka uzee. Mwaka 1990 akatoa Nagona, na mwaka uliofuata Mzingile: vitabu vyembamba, kama ndoto, vinavyowasumbua wasomaji hadi leo. Alikataa kuazima shati hata kwake mwenyewe. Alipofariki Januari 2020, tulikuwa bado tunabishana juu ya maana ya vitabu hivyo.

Nami kila ninapomaliza ukurasa huusoma kwa sauti, nikimsikilizia bibi. Mara nyingi ananikatiza. Pana sentensi inayopendeza mno, nikiichunguza naikuta ni mlango wa barua ya shule.

Barua ile ya pili ilikuwa na sentensi nne. Paa. Mbuzi. Uje kabla ya masika. Ya nne bibi aliifikiria kwa muda, akichokoa ardhi kwa kijiti: mwambie sikumlaumu. Nilipoandika hiyo, nusu ya karatasi ilibaki nyeupe, nami nikaona haya kutuma karatasi tupu mpaka Kimamba. Nikamuuliza niongeze nini.

“Kunja,” akasema.