Gurudumu Lililogoma Kuachia

Corolla 110 iliingizwa kwenye gereji moja ya Tanga ikivuta kushoto. Mwenye gari, mzee aliyestaafu ualimu, alikuwa ameshanunua pedi mpya na kalipa ya mtumba kutoka Dar es Salaam, na bado rimu ya mbele kushoto ilichemka kiasi cha kutoshikika baada ya mzunguko mfupi wa mjini. Safari hii alikuja na disiki mkononi. Fundi aliiweka disiki pembeni, akaomba jeki, stendi na spana namba 10.

Kosa analolitafuta fundi hapa limewatoa watu fedha nyingi kwenye spea zisizohusika. Kizazi hiki cha Corolla kilianza kuuzwa Japani mwaka 1995, na saluni zake ziliendelea kutengenezwa huko hadi mwaka 2000. Hata ile ya mwisho, basi, imeshavuka miaka 20. Injini yake ya 5A bado inanguruma vizuri na bodi inapigika rangi. Lakini mpira hauhesabu kilomita peke yake. Huzeeka hata gari likiwa limeegeshwa chini ya mwembe, na mpira wa breki ni kifaa ambacho wenye magari wengi hawajawahi kukitazama hata mara moja.

Kazi yake inaeleweka kirahisi. Mafuta ya breki hutoka masta silinda kupitia paipu nyembamba za chuma hadi karibu na kila gurudumu. Hapo chuma hakiwezi kuendelea, kwa sababu gurudumu hupanda na kushuka, na la mbele hukata kona. Paipu ya chuma ingevunjika upesi. Kipande kinachobaki hufungwa mpira unaokunjika. Corolla 110 ina mipira minne, kwa kuwa hata nyuma kila gurudumu lina sasipenshi yake.

Mpira wenyewe una tabaka tatu: mrija wa ndani unaopitisha mafuta, nyuzi zilizosukwa kuuzunguka ili usifutuke, na gamba la nje linalozikinga nyuzi dhidi ya maji, mchanga na jua. Tundu la katikati ni la milimita 3 hivi. Ndani ya tundu hilo, dereva akikanyaga breki za ghafla, shinikizo hufika baa 70 hadi 100, wakati tairi la gari hilohilo linabeba baa mbili na kidogo. Ndiyo maana kiwango cha Marekani cha mipira ya breki, FMVSS 106, ni kikali: mpira wa ukubwa huu lazima uhimili shinikizo la psi 4,000 kwa dakika mbili na usipasuke kabla ya psi 7,000, na mwingine wa aina hiyohiyo huchezeshwa kwenye mashine kwa saa 35 mfululizo. Mpira mpya ulio halali una nguvu mara nyingi zaidi ya mguu wa dereva yeyote. Kuupasua mpira mzima kwa kukanyaga ni jambo gumu. Kinachouharibu ni umri na mikono ya watu.

Kwa macho, mipira ya Corolla ile haikutisha. Fundi aliipangusa vumbi, akaikunja kwa vidole karibu na ncha zake, kwa sababu huko ndiko mikunjo huanzia na huko nyufa hutokea kwanza. Palikuwa na nyufa nyembamba, za gamba la juu tu. Nyufa za namna hiyo ni dalili ya uzee na zinampa mwenye gari muda wa kujipanga. Uzi ukianza kuonekana, mpira ukiwa na unyevu, au pakiwapo uvimbe unaoongezeka mtu akikanyaga pedali, gari halipaswi kutoka nje ya gereji. Lakini ukaguzi wa macho una mpaka wake, na hapa ndipo mafundi wengi hukosea: gamba la nje haliwezi kusema lolote kuhusu mrija wa ndani.

Kwa hiyo jaribio likafanywa kwa kufuata shinikizo lenyewe. Gurudumu lilinyanyuliwa, gia ikawekwa nyutro. Tandiboi alikanyaga breki, akaachia. Gurudumu halikuzunguka. Papo hapo fundi alifungua nati ya kutolea upepo kwenye kalipa. Mafuta yakaruka, na gurudumu likawa jepesi.

“Mzee, kalipa yako haina kosa,” alisema. “Hata ile uliyoitoa huenda ilikuwa nzima.”

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Kama pistoni ingekuwa imekamatwa na kutu, au pini za kalipa zimekauka grisi, kufungua nati kusingesaidia kitu. Gurudumu lingebaki limebanwa. Kwa kuwa liliachia mara tu mafuta yalipotoka, kilichokuwa kikiliminya ni shinikizo lililokosa njia ya kurudi. Swali likabaki moja: limekwama wapi? Nati ikafungwa, breki zikakanyagwa tena, gurudumu likakamata tena. Safari hii fundi alilegeza kiungo cha juu, pale paipu ya chuma inapokutana na mpira. Yalidondoka matone machache tu, na gurudumu likabaki limekaza. Shinikizo lilikuwa limefungiwa katikati ya kiungo hicho na kalipa, na katikati hapo hakuna kitu kingine isipokuwa mpira. Laiti gurudumu lingeachia kwenye kiungo cha juu, mshukiwa angekuwa masta silinda: ama kitundu chake cha kurudishia mafuta kimeziba, ama fimbo ya pedali imerekebishwa ikabana mno.

Jaribio zima halimalizi robo saa, na halihitaji kununua chochote. Lina sharti moja: lifanywe bila kukawia, maana mpira ulioziba nusu huvujisha shinikizo kidogokidogo, na fundi akienda kunywa chai kwanza atakuta gurudumu limeshaachia lenyewe.

Kwa nini mafuta yaende yasirudi? Jibu liko kwenye tofauti ya nguvu. Kwenda, yanasukumwa na mguu ukisaidiwa na busta. Kurudi, kwenye breki ya disiki hakuna springi. Raba ya pistoni hujipinda kidogo pistoni inapotoka, kisha hujinyoosha na kuivuta nyuma kwa sehemu ndogo tu ya milimita. Nguvu hiyo ni hafifu. Mrija wa ndani ukivimba au ukichanika, kipande chake hulala kwenye tundu kama ulimi: shinikizo la mguu hukiinua, raba ya pistoni haiwezi. Pedi hubaki zikisugua disiki, disiki huchemka, na joto huhamia kwenye mafuta. Mafuta ya DOT 3 yakiwa mapya lazima yastahimili hadi nyuzijoto 205 kabla ya kuchemka, lakini yakishanyonya maji kiasi cha asilimia 3.7 kima hicho hushuka hadi 140. Yakichemka hutoa mvuke, mvuke unaminyika, na pedali huzama hadi sakafuni. Mtu anayeteremka na gari la namna hiyo kutoka Lushoto kwenda Mombo, kona baada ya kona, anacheza na maisha ya abiria wake.

Mpira ulipotolewa ulipasuliwa kwa kisu kwa urefu, ili mzee aone. Karibu na ncha ya juu, chini ya kishikio cha chuma, tundu lilikuwa limefinywa likabaki mwanya tu. Kutu ilikuwa imefura kati ya kishikio na mpira, ikaubana taratibu kwa miaka. Mtu wa pwani haoni ajabu. Hewa ya chumvi hula kila bati, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila.

Makosa mengine ni ya gereji. Fundi anayebadilisha pedi huifungua kalipa na kuiacha ining'inie kwenye mpira, uzito wote ukivuta ncha moja, wakati kipande cha waya kingeifunga kwenye springi ya shokapu. Mwingine huubana mpira kwa vaisgripu ili mafuta yasimwagike, na kuuponda mrija wa ndani pasipo alama yoyote nje. Kosa baya kuliko yote ni kuongezea oili ya injini au mafuta ya powastea kwenye kikopo cha breki. Raba za mfumo huu zimetengenezwa kwa mafuta ya breki ya aina ya glaikoli. Zikikutana na mafuta yatokanayo na petroli huvimba, na hapo mipira, raba za kalipa na za masta silinda zote ni za kutupa. Kwa sababu hiyohiyo haziogeshwi kwa dizeli wala mafuta ya taa.

Spea ilitafutwa mpya. Ushauri wa kununua mpira wa mtumba uliokatwa kwenye gari la Japani hauna mantiki, hata ukiwa wa bei ya kutupa, kwa sababu mara nyingi una umri uleule wa ule unaotolewa. Mpira uliofuata kiwango cha Marekani huwa na maandishi ubavuni: jina la mtengenezaji, alama ya DOT, tarehe ya kutengenezwa, na herufi HR au HL. Aghalabu huwa pia na mistari miwili inayokwenda sambamba na urefu wake, na mistari hiyo haikuwekwa kama pambo. Mpira mpya ulilazwa kando ya ule wa zamani, urefu na ncha zikalinganishwa, na ikaamuliwa kubadili upande wa kulia pia, kwa sababu ekseli moja yenye mpira mpya na mwingine mzee inaweza kukamata breki kwa kupishana.

Sehemu ngumu ya kazi ni nati ya paipu ya chuma. Imeshika kutu, ni laini, na spana ya kawaida ya mdomo wazi huiviringa kona mara moja. Fundi aliinyunyizia mafuta ya kulegezea kutu, akasubiri, akatumia spana ya ringi iliyokatwa upande mmoja ili ipite kwenye paipu. Spana ya pili ilishikilia kichwa cha mpira kisizunguke. Bila hiyo, paipu husokoteka na kazi ya mpira mmoja inageuka kazi ya paipu nzima. Klipu ikang'olewa kwa koleo, paipu ikazibwa, na kikopo kikaangaliwa kisikauke.

Upande wa kalipa mpira hufungwa kwa bolti yenye tundu, katikati ya washa mbili za shaba. Washa hizi hujiminya zikakaa mara moja tu, hivyo ziliwekwa mpya. Bolti ilikazwa kwa takriban Nm 30, ingawa kitabu cha gari lenyewe ndicho chenye neno la mwisho. Kisha mistari ile miwili ikatumika: imenyooka toka juu hadi chini, mpira haujasokotwa. Usukani ulizungushwa hadi mwisho kushoto na kulia, gurudumu likining'inia na likiwa chini, kuhakikisha mpira hauvutiki wala haugusi tairi.

Kutoa upepo kulianzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Mrija mwangavu ulizamishwa kwenye chupa yenye mafuta, nati ikafunguliwa pedali ikishuka na kufungwa kabla haijapanda. Chini ya pedali fundi aliweka kipande cha ubao. Kwenye masta silinda nzee, raba ikisukumwa hadi mwisho hupita eneo lenye kutu ambalo kwa kawaida haifiki, ikachanika, na gari lililoingia na kosa moja likatoka na mawili. Yaliyomwagikia bodi yalioshwa kwa maji upesi, maana mafuta haya hung'oa rangi. Injini ikawashwa, pedali ikakanyagwa kwa nguvu zote huku fundi akiwa chini na tochi, akikagua kila kiungo.

Mipira ya nyuma ilibaki kwa wakati huo. Ile imeunganishwa na breki za drami, ambazo viatu vyake hurudishwa na springi zenye nguvu, kwa hiyo mpira unaoanza kuziba huko huweza kujificha muda mrefu bila gurudumu kukamata. Nyufa zake zilikuwa sawa na za mbele. Mzee aliirudisha disiki dukani, akaambiwa alete mipira miwili ya nyuma pensheni ikiingia, na kabla ya hapo apite baada ya wiki moja ili washa za shaba zikaguliwe kama zina unyevu.