Chumvi au Magadi: Rangi Inavyoshika Katani ya Taita

Vikapu vya katani vinavyosukwa Kasigau, Maungu na vijiji vingine vya upande wa Voi husifiwa kwa ususi wake. Wanunuzi wakilalamika, hulalamikia rangi: inachuja ikiloa, au inapauka juani. Lawama humwangukia muuza rangi. Kwa maoni yangu, kosa huanza mapema zaidi, rangi inapotiwa kwenye uzi usio wake.

Sufu, pamoja na feliti inayotengenezwa kwayo, ni protini. Ikichemshwa katika maji yenye siki hupata chaji chanya, nazo rangi za asidi, zenye chaji hasi, huvutwa zikashika. Katani ni selulosi iliyochanganyika na lignini kidogo. Selulosi haina cha kuivuta rangi ya namna hiyo. Siki yako itie kwenye kachumbari. Tena selulosi ikiwa majini huwa na chaji hasi kidogo, kwa hiyo yenyewe na rangi husukumana. Kazi ya chumvi ni hiyo: sodiamu yake hupunguza msukumano, na rangi zinazochemshwa kwa chumvi hupenya na kujilaza ndani ya uzi. Zinajilaza tu, hazifungwi, ndiyo maana mvua huzitoa.

Ziko pia rangi zenye chaji chanya, zile za waridi na zambarau zinazong'aa kupita kiasi. Hizo hung'ang'ania lignini. Ni nzuri siku ya soko, lakini jua la Voi halizionei huruma.

Mwaka 1956 kampuni ya ICI ya Uingereza ilileta sokoni rangi zinazoungana na selulosi kikemia, zikawa sehemu ya uzi wenyewe. Zinahitaji alkali, na alkali hiyo Kenya tunayo: magadi ya Ziwa Magadi, Kajiado. Lakini magadi ghafi, yale ya kulainishia maharagwe, yana bikaboneti nyingi na nguvu yake ni ndogo. Kiwandani huchomwa kwanza, bikaboneti ikageuka kaboneti. Fundi anunue hayo yaliyochomwa.

Baadhi ya rangi hizi hufanya kazi kwenye joto la nyuzi 30 hadi 40 tu. Kwa hali ya hewa ya Voi, ndoo ya maji iliyoachwa juani inakaribia kutosha. Kuni hazihitajiki, na katika ukanda wa Kasigau, ambao mradi wake wa kulinda misitu ulianza kuuza hewa ukaa mwaka 2011, kila mti usiokatwa una hesabu yake.

Tatizo ni maji. Sehemu ya rangi huungana na maji badala ya uzi, na mabaki hayo lazima yasuuzwe mara kadhaa hadi maji yatoke safi. Kwa mama anayenunua maji kwa mtungi wakati wa kiangazi, hilo si jambo dogo. Rangi nzito, kama nyeusi, ndizo zinazomaliza maji zaidi.

Kwa vyovyote, singa zioshwe kwanza kwa sabuni kuondoa utomvu na nta, kisha zitiwe rangi zikiwa bado mbichi, la sivyo rangi itashika kwa mabaka.

Uamuzi wangu ni huu: kikapu cha kupamba ukuta ndani ya nyumba, chumvi inatosha. Kikapu cha kubebwa begani, kitakacholoa mvua na kugusa nguo za mtu, kitiwe rangi ya magadi, na gharama ya maji iingizwe kwenye bei.