Jaji, Umri wa Kustaafu na Mlango wa Nyuma

Uhakiki wa Ibara za 110 na 120 za Katiba

Wapo ndugu zetu ambao kila wanapozungumza juu ya mahakama huanza na Marekani. Huko majaji wa shirikisho wakitaka hukaa kazini mpaka kufa, na katika majimbo, Rhode Island peke yake ndiyo iliyobaki na majaji wa mahakama yake ya juu wasio na kikomo cha umri wala cha muda. Ndugu hao husema kwa jazba kwamba lazima sisi tuukomeshe ujaji wa maisha. Tunawajibu kwamba wanabisha mlango uliokwisha kufunguliwa. Katiba yetu ya 1977 inamtaka Jaji wa Mahakama Kuu aache kazi akitimiza miaka 60, na Jaji wa Mahakama ya Rufani akitimiza miaka 65. Suala la ujaji wa maisha kwetu limekwisha. Suala lililobaki ni gumu zaidi, nalo halizungumzwi: ni nani mwenye ufunguo wa tarehe ya jaji kuondoka?

Kazi ya maisha haikuzuka kwa upuuzi. Mwaka 1701 mabwana wa Kiingereza walimnyang'anya mfalme wao uwezo wa kumfukuza jaji aliyemchukiza. Ilikuwa silaha ya tabaka moja dhidi ya jingine, lakini ilikuwa silaha ya kweli, na iliwafaa walioishika. Waingereza wenyewe waliweka kikomo cha miaka 75 mwaka 1959, kwani hatari ya mfalme ilikuwa imepita na hatari ya vikongwe ilikuwa imeingia. Kwa hiyo basi, anayefuta kazi ya maisha hana budi aeleze ameweka nini mahali pa ile ngao. Asipoeleza, amefanya nusu ya kazi, na nusu hiyo yaweza kuwa mbaya kuliko kutofanya kitu.

Tuitazame hali halisi, tena tuitazame kutoka Endulen, si kutoka Dodoma. Endulen iko ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro. Tangu 1959 eneo hilo limewekewa sheria yake, na malisho, kilimo na hata ujenzi wa nyumba huamuliwa na chombo cha dola. Ndiyo kusema, mfugaji wa Endulen akienda mahakamani kudai ardhi, mara nyingi mdaiwa hatakuwa jirani yake. Atakuwa Serikali. Agosti 2024 lilitoka tangazo la Serikali lililofuta kata 11, vijiji 25 na vitongoji 96 vya Tarafa ya Ngorongoro, Endulen ikiwamo. Wananchi waliandamana barabarani, na tarehe 22 mwezi huohuo Mahakama Kuu Arusha ikasimamisha utekelezaji wa tangazo hilo. Msomaji na ajiulize: amri ya namna hiyo inahitaji jaji wa namna gani?

Sasa tusome Ibara ya 110, ibara ndogo ya (3). Inasema kwa maana kwamba Rais akiona ni kwa manufaa ya umma Jaji wa Mahakama Kuu aliyetimiza miaka 60 aendelee, na jaji mwenyewe akikubali kwa maandishi, basi Rais aweza kumwamuru aendelee kwa muda atakaoutaja. Ibara ya 120 inaweka utaratibu huohuo kwa Mahakama ya Rufani. Manufaa ya umma ni yapi? Katiba haisemi. Muda ni mrefu kiasi gani? Haisemi. Hapo ndipo ulipo mlango wa nyuma.

Kifungu hiki si maandishi matupu. Juni 2023 Jaji Mkuu Ibrahim Hamis Juma alitimiza miaka 65 na Rais akamwongezea muda; aliendelea mpaka Juni 2025, nafasi yake ikachukuliwa na George Masaju. Hatumsemi mtu. Waliotangulia, kama Augustino Ramadhani na Mohamed Chande Othman, waliondoka walipotimiza 65. Tunachosema ni kwamba mfumo ambao mmoja anaondoka na mwingine anabaki kwa utashi wa mamlaka moja ni mfumo unaomfanya kila jaji wa miaka 58 awe mwombaji, hata kama moyoni hataki kuomba. Jaji wa maisha hamwogopi mtu. Jaji wa muda maalumu usioongezwa naye hamwogopi mtu, kwa kuwa hana cha kutarajia. Wa kuogopwa ni yule wa tatu.

Majirani zetu wa Kenya wametupa somo la pande zote mbili. Mwaka 1988, chini ya Rais Moi, Katiba yao ilibadilishwa kuondoa ulinzi wa kazi ya majaji. Mwaka 1990 ikabidi urudishwe. Hilo ni kosa la dola. Lakini mwaka 2016 Naibu Jaji Mkuu Kalpana Rawal na Jaji Philip Tunoi walikuwa bado wako mahakamani wakidai umri wao wa kustaafu ni 74, si 70 wa Katiba ya 2010, na wakashindwa. Hilo ni kosa la kung'ang'ania. Tusijidai kwamba kiti kinawanogea wanasiasa peke yao.

Ajabu ni kwamba wazee wa Endulen hawahitaji semina juu ya jambo hili. Katika mila ya Kimaasai rika zima la morani huingia pamoja na kutoka pamoja. Katika sherehe ya eunoto mama humnyoa mwanawe nywele za umorani, na kuanzia hapo safari ya uzee imeanza. Hakuna morani anayepeleka ombi abakishiwe nywele kwa manufaa ya umma! Hatusemi mila hiyo ichukuliwe yote kama ilivyo. Katika mabaraza yake mwanamke hana sauti, na hilo hatuwezi kulisifu. Tunasema tu kwamba kanuni ya kikomo kinachowakuta wote sawasawa si kasumba ya kigeni.

Makada wengine watanong'ona kwamba hoja hii inaifunga mikono Serikali ya Chama chetu wenyewe. Ni kweli, inaifunga. Tuikumbuke kesi ya Lohay Akonaay na mwanawe Joseph, wakulima wa Kambi ya Simba, kijiji ambacho leo kimo Wilaya ya Karatu. Sheria ya 1992 ilifuta haki za mila juu ya ardhi iliyotwaliwa wakati wa Operesheni Vijiji, tena ikawafungia watu milango ya mahakama. Jaji Munuo wa Mahakama Kuu aliitangaza kuwa kinyume cha Katiba. Desemba 1994 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilithibitisha kwamba haki ya kimila ya kutumia ardhi ni mali inayolindwa na Katiba, na kwamba haichukuliwi bila fidia ya haki. Kesi hiyo iligusa kidonda chetu. Utekelezaji wa vijiji ulikuwa umewaumiza baadhi ya wakulima tuliodai kuwakomboa, na vikao vyetu havikuwa vimelisema hilo kwa sauti ya kutosha. Mahakama ililisema. Nyalali aliendelea kuwa Jaji Mkuu mpaka mwaka 2000, alipofikia umri wake. Mkulima wa Karatu hakuwa na sababu ya kuhesabu miaka iliyomsalia Jaji Mkuu kabla ya kumwamini.

Yapo mapingamizi. La kwanza ni uzoefu: kwamba miaka 60 ni michache na taifa linapoteza wataalamu wakiwa bado na nguvu. Pingamizi hili lina uzito, na jibu lake ni kupandisha umri kwa wote kwa sheria moja, iwe 65 au 70, siyo kuwachagua wachache. La pili ni mashauri yaliyo njiani. Hilo halina uzito, maana Katiba imekwisha kumruhusu jaji aliyefikia umri amalize hukumu au shauri alilokuwa ameanza kulisikiliza.

Kwa hiyo pendekezo letu ni fupi. Ibara ndogo ya (3) katika Ibara ya 110 na ile ya 120 zifutwe. Umri wa kustaafu ujadiliwe upya hadharani, uwekwe mmoja kwa kila ngazi, na usiwe na mtu mwenye uwezo wa kuusogeza mbele wala kuurudisha nyuma. Hoja hii ipelekwe kwanza katika vikao vya matawi, pamoja na tawi la Endulen, kabla haijafika kwa wanasheria.