Pengo la Beni katika grafu ya R

Vitabu vingi vya R, lugha ya kompyuta ya kuchambua data, huanza na iris, vipimo vya maua 150 vilivyokusanywa na Edgar Anderson, mengi yakitoka rasi ya Gaspé huko Kanada. Mwanafunzi wa hapa Bunia, mkoani Ituri, mashariki mwa Kongo, ana data inayomhusu zaidi. Mlipuko wa Ebola ulitangazwa Kivu Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, ukaingia Ituri kwa Mandima na Mambasa, ukafika hadi Tchomia kando ya Ziwa Albert. Ulipotangazwa kwisha, tarehe 25 Juni 2020, walikuwa wameugua watu 3,470, na 2,287 kati yao walifariki.

Grafu iliyofuatwa wakati wote ule ni ya pau za kawaida: kila pau ni wiki moja, na urefu wake ni idadi ya waliougua. R huichora kwa funksheni zake yenyewe, bila kupakua chochote cha ziada, na hilo si dogo pale intaneti inapokatika. Safu ya tarehe za kuanza kuugua ikiitwa tarehe, yatosha kuandika:

tarehe <- as.Date(tarehe)
barplot(table(cut(tarehe, "week")))

Kazi ya as.Date ni kuyageuza maandishi kuwa tarehe zinazohesabika. Kisha cut huzipanga kwa wiki, kuanzia Jumatatu, table huhesabu, na barplot huchora.

Mwenye haraka huiruka cut, akaandika barplot(table(tarehe)). Grafu itatoka, tena bila onyo lolote. Kasoro ni kwamba table huhesabu kilichopo tu: siku isiyo na mgonjwa haipati nafasi kwenye mhimili, na pau husogeleana. Lakini cut huzitunza hata wiki tupu zilizo katikati, ndipo table ikaziandikia sifuri.

Sifuri hizo zilikuwa na uzito. Mwanzoni mwa Machi 2020 mgonjwa wa mwisho aliruhusiwa kutoka kituo cha matibabu cha Beni, Kivu Kaskazini, na hesabu ya siku 42 ikaanza, yaani mara mbili ya siku 21 ambazo virusi vinaweza kukaa mwilini kabla ya dalili. Tangazo la mwisho wa mlipuko lilisubiriwa tarehe 12 Aprili. Tarehe 10 Aprili akathibitishwa mgonjwa mpya Beni. Kwenye grafu ya mwenye haraka, mgonjwa huyo wa Aprili anasimama bega kwa bega na wale wa Februari, kana kwamba ugonjwa haukunyamaza hata kidogo. Wiki zote za kungoja zimefutika.

Funksheni nyingine inayopendwa mno ni cumsum, inayojumlisha kila wiki juu ya zilizotangulia. Inafaa kwa hotuba na kwa wafadhili, lakini mstari wake haushuki kamwe, hata ugonjwa ukipungua. Vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa mwishoni mwa Februari 2019, kazi ya kuudhibiti ugonjwa ikavurugika, na kufikia Aprili wagonjwa wapya walizidi 100 kwa wiki. Pau zinaruka mbele ya macho yako. Mstari wa cumsum unainuka kidogo tu kuliko ulivyokuwa ukiinuka. Kwa maoni yangu, ukiutumia peke yake umemficha msomaji jambo kuu.

Pau za mwisho kulia nazo zina hila yao. Karibu kila mara ni fupi, kwa sababu walioanza kuugua juzi bado hawajafika kituoni wala maabara. Zipake rangi hafifu kwa kigezo cha col ndani ya barplot, ili mtu asishangilie mapema. Na ukiletewa grafu ya mlipuko wowote, kabla ya kutazama urefu wa pau muulize aliyeichora: hizi ni tarehe za kuugua, au ni tarehe za kuripotiwa?